Mama Sindano, Aliyesikiliza Wimbo Mmoja kwa Wiki

Leo mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha. Nyumba imejaribu kuzoea, imeshindwa. Redio ya sebuleni bado inawashwa asubuhi, ila hakuna tena wa kuigombeza.

Wasomaji wa gazeti walikuita Mama Sindano, na wengi walidhani ni kwa ajili ya maneno yako yanayochoma. Sisi wa nyumbani tunajua ilikuwa ni sindano ya gramafoni. Uliipuliza vumbi kila mara kabla ya kuishusha kwenye santuri, kwa pumzi ndogo, kama mtu anayepoza chai ya mtoto.

Kazi yako ilikuwa safu gazetini juu ya wimbo mmoja kila Jumamosi. Hukuandika juu ya nguo za mwimbaji, wala ndoa zake. Leo roki yenye magitaa yanayonguruma, wiki ijayo soul, halafu jazi, halafu pop ya vijana ambayo wenzako wa rika lako waliikunjia pua. Wewe hukuikunjia. "Wimbo hauna ukoo," ulikuwa ukisema. "Ama umenishika, ama haukunishika. Basi."

Kila wimbo, mara ya kwanza uliusikiliza ukiosha vyombo. Ukijikuta umesimama na sahani mkononi, maji yanamwagika bure, ulijua kuna kitu. Mara ya pili ulikaa kitini. Mara ya tatu ulilala chali sakafuni, macho umefumba, nasi tukawa tunakuruka kwenda jikoni. Kuna jirani aliingia akakukuta hivyo, akapiga yowe la msiba. Ulifungua jicho moja tu: "Shii! Saksafoni inaingia."

Tulipenda ulivyosifu. Juu ya wimbo mmoja wa soul uliandika: "Huyu mama halii kwamba ameachwa. Anaimba kama mtu anayefunga mlango polepole ili watoto wasiamke." Na juu ya wimbo wa pop: "Kiitikio hiki hakina akili hata chembe, na nimekiimba tangu Jumatatu. Sasa mjinga ni nani, chenyewe au mimi?"

Lakini tunalolikumbuka kuliko yote ni lile la mpiga ngoma.

Bendi moja ya jazi ilikuwa imetoa wimbo wa taratibu. Uliandika kwamba ni mzuri lakini mkavu, na kwamba mpiga ngoma alilala usingizi. Gazeti halijapoa, mwenyewe akabisha hodi: pande la mtu, kofia mkononi. Tulijua leo kutawaka moto. Baba akaacha saa aliyokuwa akiitengeneza, akaja kusimama karibu yako.

"Sikuja kugombana, Mama," mgeni akasema. "Nimekuja tuusikilize pamoja."

Ukaweka santuri. Wimbo ulipofika katikati, akainua kidole. "Hapa. Unayasikia matoazi yangu?"

"Matoazi yapi?"

Sisi sote tulikuwa tunayasikia, membamba, juu kabisa, kama rasharasha kwenye bati. Ulitutazama usoni mmoja mmoja, na jibu ukalisoma kabla hatujafumbua mdomo.

"Rudisha," ukasema. Akarudisha. Ulisogeza sikio hadi likagusa spika. Kisha ukakaa, ukashika magoti yako kwa mikono miwili.

"Tangu lini?" Hukumuuliza mgeni, ulimuuliza Baba.

"Siku nyingi sasa kengele za saa zangu ndogo zinalia na wewe hugeuki," Baba akasema polepole. "Nilidhani umezizoea."

Mpiga ngoma aliinamisha kichwa. Alikuja kudai haki yake, na sasa alionekana kama mtu anayetamani asingeipata.

Daktari wa masikio alisema sauti nyembamba zimekuaga, nene zimebaki, na hakuna dawa. Mhariri wako akakusihi ukae kimya. "Nani atajua, Mama? Wasomaji hawahesabu matoazi."

"Mpiga ngoma anajua," ukamjibu.

Siku zilizofuata hukugusa santuri hata moja. Mama mdogo alikuja kukubembeleza: "Acha tu, dada. Umesikia vya kutosha kwa umri huu." Uliosha vyombo bila wimbo wowote, sahani baada ya sahani, na hilo lilitutisha kuliko ugonjwa wowote.

Halafu asubuhi moja tukasikia unacharaza mashine yako ya kuandikia. Jumamosi safu ikatoka: "Niliandika kwamba mpiga ngoma alilala. Aliyelala ni sikio langu. Namwomba radhi. Kuanzia leo, sauti za chini nitazisikiliza mwenyewe. Za juu nitaazima sikio la mume wangu, ambaye hajui roki wala jazi, ila hajui pia kusema uongo."

Hivyo ndivyo Baba, aliyekuwa akikimbilia uani kila ulipowasha gramafoni, alivyojikuta amelala sakafuni kando yako.

"Baba watoto, matoazi?"

"Yapo."

"Yanafanyaje?"

"Yanachokoza."

Nawe ukaandika hivyohivyo. Barua zikaja gazetini, watu wakiuliza mume wa Mama Sindano anasemaje wiki hii. Mhariri akajifanya wazo lilikuwa lake. Mpiga ngoma akawa mtu wa nyumbani. Kila bendi yake ilipoandaa kitu kipya alikuletea kwanza, na urafiki haukumwokoa na ukali wako. "Hiki ni kibichi, mwanangu," ulimwambia mara moja. "Kirudishe jikoni." Alicheka, akakirudisha kweli.

Ulisikiliza hivyo miaka mingine mingi, ninyi wawili kwa sikio moja, hadi maradhi yalipokulaza hospitalini. Siku ya mwisho muuguzi alikuwa akitandika kitanda chako huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo fulani wa pop. Ukamshika mkono.

"Anza mwanzo."

Muuguzi akaona haya. "Mama, mimi si mwimbaji."

"Nani kakuuliza? Anza mwanzo."

Akaimba. Vidole vyako vikawa vinagonga shuka. Alipomaliza ukamwambia, "Ubeti wa pili umeukimbia kama umeona nyoka. Urudie, taratibu. Ni mzuri sana huo."

Akaurudia, taratibu, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, hadi neno la mwisho. Ukamwambia "ahsante," ukageukia upande wa ukuta, ukalala. Hukuamka.

Unakumbukwa na mume wako, fundi saa; wanao, mabinti wawili na kitindamimba wako wa kiume; wakwe zako; mdogo wako, mama yetu mdogo; wajukuu zako wote; na mpiga ngoma, ambaye ameomba atajwe humu pamoja na ndugu, nasi tumekubali kwa moyo mmoja.

Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.