Tangawizi ya Safa

Ibra

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako limepoa? Na bibi anakula vizuri huko Unguja? Sisi huku tuhai, alhamdulillahi, zaidi ya hapo siwezi kusema. Kwenye simu ulilia ukakata kabla sijamaliza, kwa hivyo nampa jirani yetu Marzouq barua hii akuletee mkononi. Tafadhali isome yote.

Yale mashelisheli uliyotuletea yalifika salama. Safa, mke wa Hud, alipoyaona machozi yalimtoka. Akasema kwao Grenada hupangwa sufuriani pamoja na ndizi mbichi, majani ya majimbi na samaki wa chumvi, yakatiwa manjano na tui. Hayakorogwi, yanaachwa mpaka tui likauke libaki mafuta. Nikamcheka, nikamwambia hicho chakula wamewaibia Wapemba. Tukakubaliana apike siku ya Idi, wanaume wakifukua nyama ya shuwa iliyookwa shimoni.

Akatengeneza na kinywaji cha kwao: tangawizi, sukari na karafuu, ndani ya chupa zilizofungwa, zikaanikwa juani. Jua la kwao lina upepo wa bahari. La huku Ibra, jangwani, unalijua mwenyewe. Hakuna aliyemwonya kwamba huku kingechacha upesi, hata mimi.

Siku ya Idi Khelef alikuwa ameinamia shimo la shuwa, beleshi mkononi, chupa ya kwanza ikapasuka na kigae kikamchana shavu. Akanusa lile povu. Unamjua mwanao, tangu Hud aoe hajapata kumwita Safa kwa jina lake. Akapiga kelele kwamba mwanamke huyu kapika pombe nyumbani kwa marehemu baba, tena siku ya Idi. Safa akajaribu kueleza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. Khelef akaipiga teke sufuria. Tui lote la moto likammwagikia Safa miguuni, na tulipomvua soksi ngozi ilitoka nazo.

Hud akamrukia. Walipigana kama mbwa, mama, uniwie radhi, ndugu wa tumbo moja wanabiringishana juu ya chupa zilizovunjika. Khelef akamchapa beleshi la uso, na jicho la kushoto hadi leo halijafunguka. Kisha akamgeukia Safa, ambaye hakuweza hata kusimama, akaliinua tena. Hapo ndipo alipopigwa kisogoni akaanguka.

Umeambiwa kwamba Hud ndiye aliyempiga. Hud mwenyewe kawaambia hivyo polisi, nao wamemweka ndani. Khelef yuko hospitali, fuvu limepata ufa; madaktari wanasema atapona, lakini hakuona aliyekuwa nyuma yake. Nawe umetuagiza tunyamaze, wanaume watayamaliza.

Mama, ni mimi. Niliuona mchi kando ya kinu, nikaushika kwa mikono miwili. Hud aliniona. Akaninyang'anya kabla majirani hawajaingia, akanambia niingie ndani, nami kwa woga nikaingia.

Leo nakwenda kituoni kusema. Usimpigie ammi Iqbal anizuie, nitakuwa nimeshafika. Kumwacha Hud alale kule kwa ajili yangu kunanichoma roho. Kumpiga Khelef sijuti. Namwombea apone, ni kaka yangu, lakini angeliinua tena beleshi lile ningempiga tena.

Safa anakuamkia kutoka kitandani. Mbusu bibi mkono, na usiache kutuombea dua, wote watatu uliotuzaa.

Mwanao,
Ghaniya