Usimusalimie Mutu Aliye Angani

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Bukavu tuko wazima. Maman yako mudogo amejifungua mutoto mwanamuke, na sura ni yako kabisa. Umeniuliza: siku shule yenu itasema kwa redio na mutu aliye angani, umusalimie namna gani?

Usimusalimie! Mpaka leo nina hasira.

Nilikuwa mwanafunzi upande wa Katana. Padiri mumoja alikuwa na redio yake, antene juu ya paa, na alipanga tuseme na mutu anayezunguka dunia ndani ya chombo cha angani. Alituonya: chombo kinapita mbio, kikishuka nyuma ya milima sauti inakatika. Mimi nilichaguliwa kuuliza.

Sauti ikatoka kweli! Basi prefe, mukubwa wa shule, akakamata mikro ya kusemea: "Kwanza protokole." Akasalimia mutu wa watu, bibi yake, watoto wake, wakubwa wake wa kazi. Akapitisha mikro kwa shefu wa kijiji, naye akasalimia kwa niaba ya wazee wote. Kisha papa mumoja, mukubwa wa kamati ya wazazi, akakunjua hotuba.

Padiri akamuvuta koti: "Papa, anaenda! Achia mutoto!"

"Padiri, mugeni hapokelewi hivyo."

Mugeni gani? Aliingia kwa nani? Waliponipa mikro, redio ilikuwa inakoroma tu. Na wao wakapiga makofi!

Nilitaka kumuuliza: ukilia huko juu, machozi yanaanguka wapi?

Wewe taja jina, uliza. Salamu utuletee sisi huku. Sisi tunangoja, yeye anapita.

Koko wako