Redio Inafunguka, Sauti Hakuna

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Nimebadilisha fyuzi. Nimesafisha vichwa vya betri. Nimekaza nyaya zote. Redio ya upepo ya zahanati ya Usangu, ile ya kuita hospitali Mbeya, imeletwa karakana mara ya tatu tangu Agosti, na kwa mara ya tatu sikuona ubovu. Kitabuni nimeandika "imetengenezwa". Nimetengeneza nini, sijui.

Ni kifaa cha zamani cha jeshi, boksi la chuma, zito kama jiwe la kusagia. Kiliwahi kuanguka kutoka kwenye lori kikaendelea kusema. Sasa kinanichezea akili.

Alhamisi, 7 Novemba
Usangu. Vumbi hadi kwenye meno. Nimefunga redio, nikaita Mbeya mwenyewe. Mzee Ambakisye, ndiye mwendeshaji wa redio hospitalini, akajibu hapo hapo, safi kabisa, akaniuliza na habari za njiani. Nikafurahi. Nikageuka nimwambie Nesi Tupokigwe wa zahanati ajaribu, hayupo. Alitoka mara tu Mzee alipoanza kujibu. Nikadhani ameitwa na mgonjwa.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimekaa chumba cha redio hospitalini nione kwa macho yangu. Saa nne Mzee Ambakisye anaita zahanati zote, moja moja, kwa sauti yake ya kanisani. Zote zikaitika. Ilipofika zamu ya Usangu akakohoa, akasubiri.

Sindano ikapanda. Mvumo ukakatika. Sindano ya mita ikipanda hivyo, maana yake kule mtu amebonyeza kitufe cha maikrofoni. Tukangoja. Kimya. Sindano ikashuka.

Mzee akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Hakuna sauti. Kifaa kibovu." Jana kilikuwa kizima! Nimejisikia mjinga.

Jumanne, 12 Novemba
Leo zamu ya Lugano, yule binti anayepokezana na Mzee. Nesi amesikika vizuri mno, hata jogoo wa zahanati tumemsikia. Sikugusa kitu.

Alhamisi, 14 Novemba
Kimya tena. Sindano inapanda, sauti hakuna.

Nimechora jedwali: siku, joto, betri, mawingu. Nimelitazama mpaka macho yakaniuma. Halina kichwa wala miguu.

Jumatatu, 18 Novemba
Mfugaji mmoja wa Kisukuma ameingia hospitalini na baiskeli. Siku mbili njiani, na barua ya nesi mfukoni: dawa za kuhara zimekwisha, watoto wanne wamelazwa chini. Barua inasema alijaribu redio Alhamisi na Jumamosi. Sikuweza kumtazama yule baba usoni. Mvua zikianza, baiskeli haitapita Usangu. Itabaki redio peke yake.

Bosi kaniita. Kama haisemi hadi mwisho wa Desemba, inahamishiwa Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara kuu, na Usangu watajua wenyewe. Amesema hivyo huku anakunywa chai.

Ijumaa, 22 Novemba
Iringa. Stoo wamenipa maikrofoni mpya na waya wake, baada ya saini tano. Nimelala nyumbani Kalenga. Mke wangu kaniuliza swali moja tu: huko kwenye redio huwa anaongea nani na nani? Nikamjibu kwa ukali kwamba redio haijali nani anaongea. Akaendelea kumenya viazi.

Jumatatu, 2 Desemba
Maikrofoni mpya, waya mpya, kitufe kipya. Niliifunga Jumamosi na ilisema. Leo saa nne, zamu ya Mzee: sindano juu, kimya.

Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nimetaka kulia, mtu mzima na bisibisi mkononi. Nimewaza huenda sijui kazi hii, na miaka yote nimekuwa nikibahatisha.

Alhamisi, 5 Desemba
Niandike taratibu, maana bado nimeduwaa.

Nesi Tupokigwe amekuja Mbeya kuchukua dawa. Tulisimama kwenye korido, ananieleza kwamba kitufe kipya ni kigumu kidogo. Ghafla akachuchumaa, akajitanda kanga usoni, akageukia ukuta. Nikadhani kaugua. Kuinua macho, Mzee Ambakisye yuko mwisho wa korido. Naye alikwishageuka. Mzee mwenye nyonga mbovu, akazunguka nje kwenye majani mabichi ili asipite pale.

Lugano ndiye aliyenionea huruma. "Yule ni mkamwana wake, fundi. Ameolewa na mwanawe tangu Julai. Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani, hawasemezani. Hata jina la mkwewe, mkamwana hawezi kulitaja."

Tangu Julai. Mimi nilianza kuletewa redio Agosti.

Mimi ni Mhehe, ya Wanyakyusa nilikuwa siyajui, na sikuuliza. Nimefungua boksi lile mara nne, nikabadilisha kila kinachobadilika. Kumbe nesi alikuwa anabonyeza kitufe, anasikia kikohozi cha mkwewe, na mdomo haufunguki. Na Mzee anaandika "kifaa kibovu", akijua. Nimekasirika. Baadaye nikamuuliza nesi mbona hakuniambia. Akajibu akiwa ametazama chini, "Ningesema, wangeniondoa Usangu. Na wale wagonjwa ni wangu."

Hasira ikaniisha. Ikabaki aibu, na sehemu yake kubwa ni yangu mwenyewe.

Ijumaa, 6 Desemba
Lugano hawezi kukaa zamu siku zote saba. Bosi nikimwambia atasema ofisi haiendeshwi kwa mila, atamfukuza mmoja wao. Simwambii.

Nimetafuta dawa ya jambo hili siku nzima. Chumbani kwangu Ilomba, hapa Mbeya, nimepika ugali ukaungua. Kila nikiwaza naiona ile sindano: inapanda, inashuka. Yaani kitufe hakikuwahi kukosea hata siku moja.

Jumamosi, 7 Desemba
Nimeandika karatasi mbili. Bonyeza mara moja: salama. Mara mbili: dawa. Mara tatu: gari. Upande wa pili ujibu kwa idadi ileile.

Mzee amesoma ya kwake, akavua miwani, akaisoma tena. Akasema kubonyeza si kusema. Sikumtajia mtu, naye hakutaja. Nesi, kabla ya kurudi Usangu na karatasi yake, amesema kwanza atamuuliza shangazi wa mumewe. Nimengoja ruhusa nyingi za ofisini, ya shangazi wa watu sijawahi.

Jumatano, 11 Desemba
Lugano alikuwa zamu. Nesi amesema kwa sauti maneno mawili: shangazi amekubali.

Alhamisi, 19 Desemba
Mvua, siku ya tatu mfululizo. Zamu ya Mzee. Bosi amekuja mwenyewe kusikiliza, amesimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika.

Usangu. Mzee akakohoa. Sindano ikapanda. Ikashuka. Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda.

Tatu.

Mzee akajibu tatu, akainuka bila fimbo yake, akamwita dereva kwa sauti iliyofika wodini. Bosi akauliza mbona hakuna anayeongea. Nikamwambia ni utaratibu mpya, unaokoa betri. Nimedanganya na sijutii.

Ijumaa, 20 Desemba
Gari limerudi saa tisa usiku, tope hadi madirishani. Mama wa Kisukuma, uzazi uliokwama. Wamempasua. Wako hai wote wawili, mama na mtoto. Baba ni yule yule wa baiskeli. Amenishika mkono bila kujua mimi ni nani.

Bosi ametia saini: redio inabaki Usangu.

Jumanne, 31 Desemba
Nimepita chumba cha redio bila shughuli ya maana. Zamu ya Mzee. Usangu: mara moja, salama. Mzee akajibu mara moja.

Nikadhani wamemaliza. Sindano ikapanda tena, kidogo tu, ikashuka polepole. Hiyo haimo kwenye karatasi yangu. Mzee akabonyeza naye, polepole vilevile.

Nikamuuliza hiyo ni nini. Akasema wanajaribu tu kitufe.

Nimeandika kitabuni: redio nzima.