Ukurasa wa Nyuma Aliousoma Baba Neema

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba anayeanza barua bila salamu ni sawa na anayeingia uani kwa watu bila hodi. Basi hodi. Ni mimi Nyanzobe, yule uliyekuwa ukimwambia kila siku, "Mdomo wako utakuponza." Bado haujaniponza. Umemponza mtu mwingine, na hiyo ndiyo habari iliyonitoa Segese hadi huku kwenu Ibadakuli, nimekaa pembeni ya kaburi lako na daftari gotini.

Nimefanya jambo ulilonikataza. Nakwambia mimi mapema, usije ukalisikia kwa wengine.

Unakumbuka Juni ya mwaka jana, wiki ya pili ya kambi. Watoto thelathini na kitu wa sekondari, badala ya kumaliza likizo wakiosha mchanga kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, wamo ndani ya ghala la zamani la pamba wanasoma hadithi. Ghala hilo ulilifagia kwa mikono yako. Kijiji kilikupa kwa mdomo, mkutanoni, na wewe ukauamini mdomo. Asubuhi moja mimi na wewe tunafika kabla ya watoto, mlangoni kuna kufuli jipya la Baba Neema. Mwenyekiti mzima wa bodi ya shule, mwenye karasha tatu zinazosaga mawe kutwa kucha, amekosa pa kuweka mifuko yake ya marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kusaga, isipokuwa kwenye chumba cha watoto! Vitabu vimerundikwa nje kwenye vumbi na upepo wa kiangazi, na mbuzi, tena mbuzi wake, wanatafuna kurasa taratibu kama walioalikwa. Ulinyang'anyana kitabu na beberu. Nilicheka, Mwalimu, nisamehe. Nilicheka kabla sijaona kwamba unalia.

Nilitaka niende siku ileile nikamtukane mbele ya karasha zake. Ukanishika mkono. Ukasema, "Neema yuko kidato cha pili, na anakuja kila siku. Ukimwaibisha baba yake, yule mtoto hatarudi tena. Niapie." Nikaapa. Watoto ukawaambia ghala linakarabatiwa, tukahamia kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga unga, ukasema kelele za mashine zinafundisha sauti. Uongo mtupu! Ulikuwa unapaza sauti hadi unashika kifua. Na mifuko ya vitabu uliipakia kwenye baiskeli asubuhi na jioni, wiki mbili na nusu. Nikitaka kukupokea, unanifukuza kama kuku.

Mwezi wa kumi na moja moyo ukasimama. Sisemi Baba Neema ndiye aliyekuua. Daktari alisema moyo wako ulikuwa na shida tangu zamani, sawa, nimemsikia. Lakini daktari hakuwepo njiani pale unapoiegemeza baiskeli kwenye uzio wa watu upate kuhema. Mimi nilikuwepo.

Halafu msibani, huku kwenu! Alikuja na shada kubwa kuliko la shule, akashika kipaza sauti, akasema, "Mimi na marehemu ndio tulioianzisha kambi hii. Ghala nililitoa mimi." Watu wa huku wakaitikia amina. Wangejuaje, na wewe ulikuwa umenifunga mdomo? Niliuma upindo wa kanga mpaka ukatoboka. Palepale, jeneza halijashushwa, nikaapa kiapo cha pili juu ya kile cha kwanza. Hiki cha pili hukukisikia.

Mwaka huu, mwezi wa tano, akaniita nyumbani kwake. Nikamwamkia kwa kupiga goti, kama mtoto aliyelelewa. Akasema kambi lazima iendelee kwa heshima ya marehemu, mimi niisimamie, na siku ya kufunga yeye ndiye atakuwa mgeni rasmi. Nilipofika ghalani nikakuta mifuko imetolewa, ukuta umepakwa chokaa, na juu ya mlango majina yake matatu kwa rangi nyekundu, mbele yake neno MWANZILISHI. Nikarudi nikamwambia, "Wabeja sana, baba." Akafurahi kushukuriwa kwa Kisukuma. Mama yangu alipopata habari aliniambia nimemuuza mwalimu wangu kwa ndoo ya chokaa. Nilinyamaza. Mimi, Nyanzobe, nikanyamaza mwezi mzima! Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kwa sababu mwanzilishi alikuwa haijui sheria ya kambi yake. Ile sheria yako, ambayo mtoto akikaa nasi siku tatu tu anaijua: ukimaliza kitabu, unaandika kwenye ukurasa wa nyuma jina lako na jambo moja la kweli lililotokea siku hiyo. Hutaki muhtasari wala mafunzo ya hadithi. Unataka jambo la kweli. Na siku ya kufunga, awe mpishi awe mgeni, hali mtu kabla hajasoma kwa sauti ukurasa wa nyuma atakaopewa. Ndiyo maana watoto wetu wakipewa kitabu siku hiyo hukigeuza kwanza, wachungulie nyuma kuna nini. Baba Neema angekaa nasi asubuhi moja tu, angejua kuchungulia.

Mwezi wa kwanza, nikipanga vitabu vyako, nilikuta kimoja cha jalada la kaki, kilichotafunwa pembeni. Nyuma yake kuna mwandiko wako. Nililia, kisha nikacheka peke yangu. Mimi uliniapisha, lakini sheria yako ilikushinda mwenyewe.

Basi siku ikafika. Wazazi wamejaa, pilau inanukia, spika zimefungwa. Baba Neema yumo ndani ya suti, jasho linamtoka. Nikampelekea kitabu kwa mikono miwili, goti chini. Hakukigeuza. Alifungua pale nilipoweka karatasi, akasogeza kipaza sauti mdomoni. Na anasoma vizuri, nisimnyime haki yake, ana sauti nene ya mkutanoni. Akasoma, "Sabina. Leo tumekula matobolwa ya viazi, dada amejamba mbele ya mchumba." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, akaona kumbe kazi yenyewe rahisi. Akasoma, "Juma. Leo nyumbani wamezaliwa Kulwa na Doto." Wamama wakapiga vigelegele. Kisha akasoma, "Mwalimu. Leo Baba Neema..." Akatabasamu. Akawatazama watu. Mwalimu, alirudia! "Leo Baba Neema," akasema kwa mara ya pili, polepole, akidhani anakuja kusifiwa na marehemu, "ameweka kufuli lake kwenye ghala."

Sauti ikakatika. Spika zikabaki zinavuma.

Sitakudanganya, nilisikia utamu. Miezi saba nilikuwa nimeungojea uso ule, na niliuangalia wote, kidevu hadi paji. Nilitamani ungekuwepo. Nikasema moyoni, soma sasa, mwanzilishi, soma, pilau inapoa.

Ndipo nikamwona Neema. Mstari wa mbele, sketi ya shule, mikono mapajani. Nilikuwa nimempanga kila mtu kichwani mwangu kwa ajili ya siku ile, hata mpishi, na yule mtoto nilikuwa nimemsahau kabisa. Kiapo cha kwanza kikanirudia na sauti yako ndani yake. Akasimama. Nikajua basi, anatoka, hatarudi tena, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Hakutoka. Alikwenda mbele, akakitoa kitabu mkononi mwa baba yake bila kumpokonya, kama anavyompokea kikombe, akasoma yaliyobaki. "Vitabu viko nje. Mbuzi wamekula viwili. Nimemwambia watoto wanasoma, akasema kusoma hakujazi tumbo. Kitabu hiki nimekimaliza nikiwa nimesimama, kwa kuwa viti vimefungiwa ndani." Alisoma bila kulia na bila kukosea. Nusu ya maneno hayo hakuwa anatazama ukurasa, nami niliona, ila sikuelewa. Akafunga kitabu akarudi kukaa.

Baba yake aliondoka bila kula. Sahani yake alikula mpishi. Mzee mmoja alinijia akaniambia nimekosa adabu, mkubwa haaibishwi mbele ya watoto wake, na mama yangu akamjibu kwa ajili yangu maneno ambayo siwezi kuyaandika kaburini.

Kesho yake asubuhi Neema akaja ghalani peke yake. Alikuwa na ufunguo wa lile kufuli umefungwa kwenye kitambaa, na kile kitabu cha kaki kwapani. Sikumuuliza ufunguo ameupataje. Nilimpigia goti, Mwalimu, mimi mkubwa kwake, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Dada, soma kwanza nyuma." Chini ya mwandiko wako ameandika: "Neema. Nilikimaliza kitabu hiki mwaka jana, nikaogopa kuandika. Leo baba amesoma."

Mwaka jana! Kwa hiyo alijua. Zile siku zote za kibaraza cha mashine, ulipokuwa unaunguza kifua chako ili mtoto asijue, alikuwa amekaa mbele yako anajua, na bado anakuja, na anakusaidia kufunga mifuko kwenye baiskeli. Wewe unamficha yeye, yeye anakuficha wewe. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia msibani.

Baba yake sijamsamehe. Usinisukume. Labda wewe ungemsamehe, ndiyo maana wewe ulikuwa mwalimu na mimi ni Nyanzobe. Jina lake juu ya mlango sijalifuta, na wala silifuti. Watu wa Segese wakipita sasa wanalisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mwenyewe siku hizi anazungukia nyuma ya soko.

Ila kiapo nilichokuvunjia nitakilipa. Juni ijayo tunafungua siku ya kwanza ya likizo, ndani ya ghala, watoto wakiwa wamekaa kwenye viti. Kitabu cha kaki kitasomwa na Neema, yeye mwenyewe ameomba. Na mimi nakuahidi nitakula baada ya watoto wote kushiba, kama ulivyokuwa ukifanya.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nyumba yako naiona imeota majani, nitang'oa kabla sijaondoka. Ufunguo nimemwachia Neema.

Nyanzobe