Sinia la Wanja

Laweyan, Solo
Jumatano, 14 Aprili 1993

Mdogo wangu Wuryani,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta umeshamaliza kumenya vitunguu, maana nakujua, husomi chochote mpaka jiko litulie. Shemeji Gunadi anaendeleaje na jongo lake? Mwambie aache utumbo wa ng'ombe, na akikasirika mwambie ni mimi niliyesema. Mimi huku ni mzima, ila goti la kushoto linanipigia hodi kila mvua ikikaribia. Vitafunio vya samaki ulivyotuma kutoka Balikpapan vilifika salama. Nilivila vyote peke yangu, wala sikumwonjesha jirani.

Picha ya binti yako Anggit pia imefika. Nimeiweka juu ya kabati, karibu na ya marehemu mama. Paji lake la uso ni la mama mtupu, pana na lenye kung'aa. Mpambaji yeyote wa maharusi angelitamani paji kama lile.

Uliniomba nimpambe harusi yake mwezi wa Mfunguo Tatu, hapa nyumbani kwa wazazi, kama nilivyokupamba wewe miaka ishirini na miwili iliyopita. Wiki tano zimepita sijajibu. Najua umeilaumu posta, lakini posta haina kosa. Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kukataa, na kwa mara ya kwanza maishani sikuipata.

Habari kubwa ni kwamba nafunga kazi. Kile kibao cha "Bu Tinah, Mpambaji wa Maharusi" nimekishusha, sasa ni kifuniko cha pipa la maji. Kioo kikubwa kimekwenda kwa kinyozi wa kona, na kila nikipita namwona anajitazama humo kuliko anavyonyoa watu. Mavazi ya kukodisha nimempa binamu yetu wa Klaten. Nimebaki na zile pini saba za dhahabu zinazotikisika kichwani mwa bibi harusi akitembea. Hizo nimezifunga kwenye kitambaa, bado sijajua za nani.

Kufunga ni rahisi, kazi ni kukataa wateja. Unatujua sisi watu wa Solo, hatusemi hapana. Tunasema tuombe Mungu, au siku bado iko mbali, na mwenye kuelewa anaelewa, anakunywa chai yake na kuondoka bila mtu kuaibika. Mama mmoja aliyehamia hapa kutoka pwani nilimwambia tuombe Mungu mara tatu, tena kwa sauti ya chini kabisa. Kesho yake akaniletea kitambaa cha sare, eti ameshukuru nimekubali! Ilibidi nimrudishie kitambaa pamoja na chane mbili za ndizi. Kwa wote nilitoa sababu moja: macho, kwamba siku hizi nikichora naona paji moja kama mawili. Walinionea huruma, wakanisifu, wakasema hakuna tena mkono kama wangu. Niliyafurahia maneno hayo kuliko inavyostahili.

Macho yangu ni mazima, Wuryani. Naweza kutia uzi kwenye sindano gizani.

Ili uelewe, lazima nikueleze habari za Asih. Unamkumbuka? Binti wa yule mama muuza dawa za mitishamba, anayepita asubuhi na kikapu cha chupa mgongoni. Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na saba, akashika sinia. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama kando yangu na vijiko na wanja, huku mimi nikinyoa malaika, zile nywele laini, kwenye paji la bibi harusi na kuchora zile ncha nyeusi, ile kubwa ya katikati na zile ndogo za pembeni. Miaka sita alishika sinia bila kulalamika. Nikamfundisha kuchora, kwa sababu nilitaka watu waone jinsi ninavyofundisha vizuri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo. Mimi, baada ya miaka thelathini, bado naanza kwa penseli, nafuta, narudia. Yeye anapumua mara moja, anashusha mkono, na ncha imekaa. Nilimwambia ajihadhari na haraka. Akasema, "Ndiyo, Bu," kama mtoto anavyomwitikia mama yake, akachora ya pili, nayo ikakaa vilevile. Roho iliniuma pale pale, na tangu siku hiyo haikuacha.

Mfungo nao! Unajua mpambaji lazima afunge kabla ya kumgusa bibi harusi, ale wali mweupe na maji tu, ili moyo wake uwe safi. Mimi nilikuwa nafunga siku moja, na siku hiyo yote nyumbani hakukaliki. Yeye alifunga siku tatu, na siku ya tatu uso wake unang'aa kama aliyetoka kula pilau. Hata paka wangu, niliyemlea kwa mkono wangu tangu alipookotwa sokoni, alihamia mapajani mwake.

Halafu majirani. Unajua jinsi wanawake wanavyokusanyika kusaidia kupika kwenye harusi, na jinsi midomo inavyokata kuliko visu. Siku moja nimeinama nakuna nazi, nikamsikia Bu Harsono, mke wa mwenye karakana ya batiki, akisema mkono wa Asih ni mwepesi, bibi harusi hata hasikii. Mwingine akadakia, "Mwenzangu, wa Bu Tinah unausikia mpaka kwenye meno!" Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, Wuryani, nikajikuna kidole badala ya nazi.

Wengine walinionya kwa siri kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba huyo binti atafungua kazi yake na kunichukulia wateja. Nilimsubiri afanye hivyo. Nilimwomba Mungu afanye hivyo, nipate sababu ya kumchukia mbele za watu. Hakufanya. Aliendelea kunibebea mkoba na kunisubiri nivae viatu.

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe, na nakuomba uketi.

Mfunguo Tatu wa mwaka jana Bu Harsono alimwoza binti yake mkubwa. Alikuja kwangu na keki ya majani ya mkadi, akazunguka mji mzima kwa maneno, ndipo akafika: Asih achore, na mimi nikae tu pembeni niwabariki. "Wewe ni mama yetu sote, Bu Tinah. Mama hachoshwi." Nilimshukuru. Nilimwambia hata mimi nilikuwa nimewaza hivyohivyo. Alipotoka niliitupa ile keki kwa kuku.

Kupika wanja ilibaki kazi yangu, hiyo sikuwahi kumwachia mtu. Safari hiyo nilikusudia kufunga siku tatu kama yeye, nikafunga mbili. Siku ya tatu nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda mpaka kibanda cha mbali ambako hawanijui, nikala sahani ya wali wa nazi na kuku, nikaongeza na yai. Sikuwa na njaa. Nilikula kwa makusudi, kwa kijiba cha roho. Kisha nikarudi nyumbani nikaweka masizi na nta kwenye sufuria, na mafuta ya nazi nikayamimina zaidi ya kipimo. Zaidi sana. Niliyatazama yakiingia na sikuinua chupa.

Asih alichora vizuri siku ile kuliko siku zote. Nywele zilikuwa zimefungwa na wavu wa asumini, pini zinatikisika, kila mtu ameshika kifua kwa uzuri. Kisha jua la saa tano likaingia barazani. Bwana harusi alipofika mbele yake, ile ncha ya katikati ikaanza kutembea. Ilishuka taratibu mpaka juu ya pua, kisha zile za pembeni zikafuata. Binti wa watu akadhani ni jasho, akajipangusa kwa kitambaa cheupe.

Wewe ni wa huku, unajua swali la kwanza ni lipi wanja ukiyeyuka. Bu Harsono alimgeukia Asih mbele ya wageni wote, akamuuliza kwa sauti ya upole, ile inayoua, "Mwanangu, ulifunga?"

Asih alikuwa amefunga siku tatu. Midomo ilikuwa imemkauka. Alitazama kidole chake chenye wanja, akakisugua kwenye kingine, akakinusa, halafu akanitazama mimi. Alingoja nijibu. Nami nikajibu. Nikatikisa kichwa, nikasema, "Vijana wa siku hizi, Bu. Tuwasamehe."

Ndivyo nilivyosema. Hakunipinga hata kwa neno moja, kwa sababu nilikuwa mwalimu wake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena. Anapita asubuhi na kikapu cha chupa mgongoni, kama mama yake. Wateja wote wakarudi kwangu, na nikadhani nitafurahi. Lakini bibi harusi wa kwanza baada ya hapo, nilipomaliza kumchora na kuinama nimsomee dua na kumpulizia utosini mara tatu, pumzi haikutoka. Nilipuliza kwa mdomo tu, kama mtu anayepoza uji. Wa pili vilevile. Wa tatu nikaona nawadanganya watoto wa watu. Ndiyo maana nimefunga kazi, na macho hayamo.

Mwezi uliopita Bu Harsono alikuja tena, kwa ajili ya binti wa pili. Nilimkatalia kwa adabu zangu zote, nikamshauri amwite Asih. Akashusha kikombe. "Yule asiyefunga? Bora nimpake mwenyewe masizi ya sufuria." Nilimwongezea chai. Barua yako ya kuniomba nimpambe Anggit ilifika siku mbili baadaye.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa Asih. Nilimkuta anatwanga manjano. Nilijaribu kuzunguka, nikaulizia hali ya mama yake, bei ya tangawizi, mvua. Mwishowe nikamwambia, bila sukari, yote niliyokuandikia hapa, pamoja na yai. Aliendelea kutwanga mpaka nikamaliza. Nikamwomba ampambe Anggit.

Akasema, "Nitampamba, Bu. Lakini wanja nitapika mwenyewe." Nikasema sawa. Akafuta mikono, akaongeza, "Na wakiniuliza kama nimefunga, mimi sitajibu."

Niseme ukweli, maana nimeshaanza: hata pale nilimwonea wivu. Mimi kwa dhuluma kama ile ningepiga kelele mtaa mzima utoke. Yeye alinimiminia glasi ya maji ya tangawizi na asali, akanipa ninywe ili goti langu lipone.

Kwa hiyo nakuandikia si kukujibu bali kukuomba. Nataka Asih achore paji la Anggit, pale barazani kwa wazazi. Wanawake wote watakuwepo jikoni, Bu Harsono akiwa wa kwanza, na wakimwona wataliuliza lile swali. Wakiuliza, nitajibu mimi. Nitasema nani alifunga mwaka jana na nani alikula wali wa nazi. Pini saba nitampa yeye siku hiyo, mbele yao. Na sinia la wanja nitalishika mimi, nisimame kando yake mpaka amalize, kama alivyosimama yeye miaka sita.

Lakini harusi ni ya binti yako, na aibu ya dada yako itakuwa imeletwa mlangoni siku ambayo hutaki hata mbwa abweke. Una haki ya kukataa. Mweleze Anggit yote, asifichwe, paji ni lake. Najua mtoto huyo ananipenda mimi mama yake mkubwa, na sijui kama atanipenda baada ya hapa.

Nimeanza kufunga leo ingawa siku bado iko mbali. Natamani niwe na pumzi hata moja ya kumwombea Anggit.

Nisalimie shemeji, nisalimie mama mkwe wako na meno yake mapya, na Anggit mbusu paji kwa niaba yangu. Usichelewe kujibu kama nilivyochelewa mimi. Na kama jibu ni hapana, mdogo wangu, niandikie hapana, kwa neno lenyewe. Usiniambie tuombe Mungu.

Ni mimi dada yako,
Kustinah