Honi Isiyo na Waya

Kata ya Gerezani, Dar es Salaam
14 Machi 1982

Mpendwa Kaka Benjamini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua umeacha ubishi. Shemeji Theopista hajambo? Watoto nao? Mimi ni mzima, na sauti yangu ni nzima zaidi, kama majirani watakavyokuthibitishia bila kuulizwa.

Nina habari ya honi. Mkabala na nyumba ninayopanga kuna duka letu la ushirika, na kwenye kibaraza chake anafanya kazi fundi redio mmoja aitwaye Ubeid. Mwaka jana duka lilivunjwa mara mbili na sukari ikaondoka. Basi Ubeid akaja kwenye kikao cha nyumba kumi, ambazo mimi ndiye balozi wake, akasema anaweza kututengenezea mlinzi asiyehitaji hata waya mmoja. Atafunga kidude kwenye mlango wa stoo. Mlango ukifunguliwa, kidude kitatuma mawimbi ya redio, na honi ya lori bovu iliyofungwa juu ya paa letu, ng'ambo ya barabara, itaitika. Kisha kuna kisanduku cha mkononi, ukubwa wa pakiti ya sigara, chenye vitufe viwili: chekundu cha kuiliza honi ukivamiwa, cheusi cha kuizima. Atatengeneza visanduku viwili, kimoja cha Mektilda anayeuza dukani, kingine cha balozi.

Unanijua. Nilipinga. Nilisema taifa linalojitegemea hulindwa na macho ya majirani, na kwamba watu wakishakabidhi ulinzi kwa betri watalala fofofo. Ubeid akaniuliza mbele ya wote, "Balozi, wezi walipokuja mara zile mbili, hayo macho ya majirani yalikuwa wapi? Au nayo yalikuwa yanajitegemea?" Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Kura zilipopigwa nilishindwa, ishirini na tatu kwa moja, na hiyo moja ilikuwa yangu. Bi Mauza, mwenye nyumba wangu, alinipa pole kama mtu aliyefiwa.

Sasa sikia maajabu. Asubuhi ya kwanza Mektilda alifungua stoo kuingiza magunia, akasahau kuizima honi. Ikalia mtaa mzima. Hakuna aliyetoka na rungu, kaka. Walitoka na vikapu! Stoo imefunguliwa, maana yake sukari imeingia. Nani angoje kuambiwa? Kufumba na kufumbua foleni ilikuwa imefika kona, na wenye shughuli wameweka mawe ya kushika nafasi zao. Tangu siku hiyo watu hawakukubali stoo ifunguliwe kimyakimya, na wale wakubwa waliozoea kuhudumiwa mlango wa nyuma wakaanza kupanga mstari pamoja nasi. Naandika haya kwa uchungu. Ni jambo nililolipigania kwa hotuba miaka kumi, na honi ya lori ikalimaliza kwa asubuhi moja.

Mwezi uliopita mambo yakaharibika. Honi ilianza kulia bure. Mara tatu watu walisimama juani tangu saa nne hadi saa nane, huku Mektilda akiapa kwamba kufuli halijaguswa. Mara ya tatu Mboni, jirani yangu wa chumba cha pili, alikuwa ameacha maharage motoni. Yaliungua mpaka sufuria ikatoboka, naye akaibeba vilevile hadi kwa Ubeid, akataka kumvisha kichwani. Kitwana, mpakia mizigo wa bandarini, akasema huyu fundi anatuchezea: honi ishushwe, na meza yake iondoke kibarazani. Hapo ndipo kicheko kilipokatika, kwa sababu Ubeid hana pengine pa kuiweka meza ile, na mkewe Badriya na watoto watatu wanakula kwa kazi ya meza hiyo. Siku nne alikifungua na kukifunga kidude cha mlangoni, macho mekundu. Alinijia hata mimi, mpinzani wake, akauliza kama nimeona lolote. Nikamjibu kwamba mashine ndivyo zilivyo.

Kikao kilikuwa wiki iliyopita, alasiri, barazani kwetu. Ubeid hakungoja kuhukumiwa. Alisimama akasema kosa lazima liwe kwenye kazi yake ingawa ameshindwa kuliona, akaomba radhi kwa foleni na kwa sufuria, na akaahidi kuihamisha meza mwenyewe kesho yake. Kitwana akasema haya, fundi kaungama, tufunge kikao.

Kaka, kosa halikuwa kwenye kazi yake. Lilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Mara zote tatu nilibonyeza mimi, nimekaa chumbani, gazeti mapajani. Mara ya kwanza nilijiambia kwamba nafanya jaribio. Ya pili, kwamba umma lazima uelimishwe. Ya tatu sikujiambia kitu. Nilitaka kushinda tu.

Sikuwa na hotuba. Nilikitoa kile kisanduku nikabonyeza chekundu. Honi ikalia juu ya vichwa vyetu. Wote wakageukia duka: kufuli linaning'inia, Mektilda amekaa mbele yao mikono mitupu. Kabla sijafungua kinywa, watu wa mtaa wa pili walishafika na vikapu, wanauliza leo ni kilo ngapi kwa kila kaya. Nikabonyeza cheusi. Nikasema ni mimi, na mara zile zote ni mimi.

Mboni akapiga kelele, "Kumbe aliyeniunguzia maharage ni balozi!" Watu wakacheka, nami nikatumaini Ubeid atacheka nao. Hakucheka. Alisema, "Umenishambulia miezi miwili kwa maneno, Balozi, nikavumilia, kwa sababu maneno yako naweza kuyajibu. Hiki ulichokificha mfukoni ningekijibu vipi?"

Nilimwomba radhi kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kutumia tangu nizaliwe. Akaniuliza kama nitaendelea kumpinga. Nikasema nitampinga, lakini kwa mdomo. Hapo ndipo alipotabasamu, akanipa mkono.

Meza imebaki. Kisanduku changu sasa anakishika Bi Mauza, na sufuria yangu imekwenda kwa Mboni. Adhabu niliyopewa ni kwamba mpaka mwezi uishe jiwe langu likae mwisho wa foleni. Mboni mwenyewe hulisukuma nyuma kwa mguu, akiimba. Ninakunywa chai kavu bila sukari na ninalala vizuri.

Nisalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na shemeji umwambie nakumbuka ugali wake. Nasikia barua zangu huwa unawasomea wazee baada ya misa, na kwamba unajisifu kuwa una mdogo asiyeogopa kusema kweli. Hii nayo wasomee, kaka, yote, kwa sauti.

Ndimi mdogo wako,
Vitalis