Ndege wa Saa Moja

Jumanne, 4 Machi
Leo kliniki hakuna foleni. Tumekaa duara! Wasichana peke yetu, sote tuna kisukari. Muuguzi akasema safari hii sisi ndio mabosi, tuseme tunataka simu itusaidieje. Tukatazamana. Nani aliwahi kutuuliza?

Kipaza — tumembatiza hivyo kwa sauti yake — anataka simu imkumbushe sindano ya kabla ya chakula, ila isimwanike mbele za watu. Nikajisikia nasema: basi iimbe kama ndege. Wakacheka. Fundi wa programu ya simu, aliyekaa nasi, akaandika.

Mchana kutwa nimeshona mapazia nikimuwaza huyo ndege. Jua likipenya kitambaa cha bluu, chumba kizima kinakuwa kama chini ya maji. Nimejidunga sindano ya cherehani. Na sikujali!

Jumamosi, 8 Machi
Tumepata mlio. Unapanda mwishoni, kama mtu anayeuliza. Muuguzi alipendekeza kila mmoja awe na ndege wake, tukakataa katakata — mmoja kwa wote, tusijione wapweke. Kwa majaribio ataimba kila siku saa moja jioni. Kikundi kingine cha kliniki, cha Alhamisi, nacho kimekubali, ingawa hatujawahi kuonana nao.

Mchumba wangu kapita dukani kwangu. Nimealikwa kwao Jumapili ya tarehe 16, chakula cha jioni! Kanionya kuhusu dada yake: anaringa, soda hagusi, keki hagusi, kazi yake kukagua watu. Nikacheka naye. Sijamwambia kuhusu sukari yangu. Nampenda, naogopa kumkosa. Basi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwota ndege. Katua juu ya fimbo ya pazia, ananitazama tu. Nimeamka mwepesi.

Kipaza kanipigia: nimwambie mchumba kabla ya Jumapili, mficha maradhi kifo humuumbua. Rahisi kusema!

Jumapili, 16 Machi
Naandika bafuni kwao. Nimefunga komeo. Sukari nimepima, iko sawa.

Tulikuwa sebuleni, mama yake anausifia mshono wa gauni langu. Raha iliyoje! Nikasahau kuzima simu. Saa moja — ndege huyo, mkobani mwangu! Mama akageukia dirisha: ndege gani huyu saa hizi? Mchumba akacheka. Mimi nikaukumbatia mkoba.

Kisha akaimba wa pili. Jikoni.

Dada mtu akatokea mlangoni, sahani mkononi. Akanitazama mimi tu. Wala hakuwa na maringo yoyote usoni. Nikaomba kwenda kunawa, nikakimbilia huku. Nimeshachoma sindano.

Anabisha. Polepole.

"Wifi, nifungulie. Na mimi sijachoma. Hata mama hajui."

Nimefungua komeo, mlango bado. Mama anaita, chakula kinapoa. Na sasa viatu vya mchumba koridoni — anauliza kwa kicheko, nyie wawili mna siri gani huko?

Dada mtu ananiachia mimi nijibu —